Fungate ya Mtu Mmoja

Kwako mke wangu mkubwa, Bibi yangu nikupendaye,

Shikamoo, Bibi. Pokea salamu nyingi kutoka kwa mume wako mdogo aliyeko huku juu milimani, kwenye baridi ya kuvaa soksi mbili mbili. Vipi magoti? Vipi macho? Miwani bado umeifunga kwa uzi, au dada alikumbuka kuipeleka kwa fundi? Mimi ni mzima, nakula vizuri, nalala vizuri zaidi, na nimefuga ndevu ambazo ukiziona utaomba talaka. Nimewakumbuka nyote, wewe zaidi.

Najua unashangaa kuandikiwa barua na mtu mwenye simu. Ni kwa ajili ya masikio yako, usikasirike. Mara ya mwisho tulipoongea kwa simu ulinifanya nipayuke mpaka wageni wa vyumba vyote wakajua nina malengelenge, na yako wapi. Haya ya leo si ya kupayuka. Nimempa bahasha dereva wa basi, dada ataichukua stendi akuletee mkononi. Isome mwenyewe, mlango ukiwa umefungwa. Usimpe mama akusomee, na tafadhali sana usianzie mwisho. Nakujua, hata gazeti unaanza na ukurasa wa nyuma.

Niseme kwanza kilichonifanya nishike kalamu. Juzi nilipanda hadi kwenye tangi la maji nyuma ya vyumba, maana hapo ndipo mahali pekee panaposhika mtandao, nikampigia dada. Akaniambia kwamba Baba Mkubwa amekwisha kupanga safari. Kwamba Jumapili ijayo atavaa lile koti lake la shughuli, achukue wazee wenzake, waende kwa Mwalimu Mkuu, baba wa mchumba wangu, kuniombea msamaha ili uchumba urudi na tarehe ya ndoa ipangwe upya. Mwalimu Mkuu naye amelegea, ametuma neno kwamba akiombwa vizuri atasikia. Dada alikuwa anaongea kwa furaha hadi maneno yanagongana. Alisema mama ameanza tena kuimba jikoni. Mimi nilibaki nimeshika simu, nikilitazama tangi kama vile ndilo litanijibia.

Bibi, safari hiyo isifanyike. Nakuomba uizuie. Baba yangu angekuwa hai ningemwambia yeye, lakini hayupo, na kaka yake hamwogopi mtu yeyote duniani isipokuwa mama yake mzazi, ambaye ni wewe. Sababu nitakuambia, ila uniache nifike huko taratibu, kwa sababu ni jambo ambalo sijamwambia mtu yeyote wa nyumbani.

Habari ya kadi unaijua, lakini uliipata vipande vipande huku watu wakicheka, kwa hiyo niruhusu niinyooshe. Siku ile pale kwenye duka letu la uchapaji asubuhi nilikuwa napanga tangazo la yule mfanyabiashara wa vyombo vya plastiki. Ndoo imara, ndoo za rangi zote, ndoo za kudumu. Nilikuwa nimeiandika ndoo mpaka nikaanza kuiona kwenye kuta. Mchana nikafungua kazi ya kadi yangu mwenyewe ya harusi, na vidole vyangu havikupata habari kwamba asubuhi imekwisha. Kadi ikasema kwamba familia zetu zina furaha kubwa kukualika kwenye ndoo takatifu ya vijana wao wapendwa. Nakala ya kwanza tuliisoma wote, mimi, tajiri wangu, na mchumba wangu, mke mwenzako kama unavyopenda kumwita, ambaye ni mwalimu kama baba yake. Akairudisha akasema iko sawa. Tukachapa. Zikatoka kadi nzuri, zenye dhahabu pembeni, na ndoo yake katikati.

Kilichofuata ulikiona. Picha ya kadi ilizunguka kwenye simu za watu kabla kadi zenyewe hazijaisha kugawiwa. Rafiki zangu wakaanza kuleta ndoo nyumbani, ile ya bluu ikafungwa na utepe mweupe. Fundi viatu wa pale kona kila nikipita alikuwa ananiuliza kama maji yametoka. Mwalimu Mkuu, mtu aliyetumia ujana wake wote kuwapigia watoto wa watu mistari myekundu, akalikuta kosa juu ya jina lake mwenyewe, na wanafunzi wake wa zamani wakaanza kumwita Mzee wa Ndoo. Alisema kwamba kijana asiyeweza kulitunza neno moja hawezi kumtunza binti yake. Uchumba ukavunjika sebuleni kwetu, mama analia, Baba Mkubwa anaangalia viatu vyake.

Wewe peke yako hukunilaumu. Ulicheka hadi ukashika mbavu, halafu ukauona uso wangu ukanyamaza. Kesho yake ukaniita chumbani kwako, ukaniambia kwamba likizo ya fungate nimekwisha kupewa, chumba nimekwisha kulipia, na mlima haujui kusoma kadi, kwa hiyo niende. Ukachukua shanta langu ukalishonea upya mikanda kwa ule uzi wako wa magodoro. Mama alikuona kama umechanganyikiwa. Mimi pia, lakini nilikwenda.

Basi, nisikilize sasa fungate ya mtu mmoja ilivyo. Kwenye gari nilikuwa nimekata tiketi za viti viwili, kwa hiyo shanta likakaa dirishani na mimi nikakaa upande wa njia, na kondakta akaniuliza kama mgeni wangu anatapika garini. Nilishuka mwisho wa barabara, nikapanda kilima kwa miguu hadi kwenye nyumba ya wageni. Ni nyumba ndefu ya mawe, ina veranda ya saruji nyekundu na milango iliyopakwa kijani. Mwenye nyumba ni mama mmoja mnene mwenye funguo nyingi kiunoni, akitembea unamsikia kabla hujamwona, na kila mtu anamwita Mama Funguo. Chumba kilikuwa kimeandikishwa kwa jina la Bwana na Bibi. Akatazama nyuma yangu, akaniuliza Bibi yuko wapi.

Mimi nilikuwa nimechoka, Bibi, na kichwani mwangu bibi ni mmoja tu. Nikamjibu kwamba Bibi amebaki nyumbani, magoti yanamsumbua.

Mama Funguo akasikitika. Akauliza yalianza lini, nikasema ni miaka mingi sasa, ila ni mwanamke mwenye nguvu, ni umri tu. Akauliza umri gani. Nikasema amepita themanini. Hapo akanitazama toka kichwani hadi kwenye viatu, kisha akaniambia kwa upole kwamba yeye kazi yake ni kukodisha vyumba, hamhukumu mtu. Nikaona ni mama mwenye maneno ya ajabu, nikapokea ufunguo nikaenda kulala. Asubuhi nikakuta mlangoni chupa ya mafuta ya kuchulia magoti. Nimeifunga kwenye fulana, nitakuletea.

Siku za kwanza zilikuwa mbaya, sitakuficha. Nilikuwa naamka na hasira, natembea na hasira, nalala nayo. Kitanda kilikuwa kikubwa kupita kiasi, na Mama Funguo alikuwa ameweka taulo mbili zilizokunjwa sawasawa, nikawa natumia moja na kuigeuzia nyingine ukutani. Nilikuwa natia kila kitu kwenye shanta na kwenda njia yoyote niliyoiona, kwa sababu nikikaa nilikuwa nasikia watu wakicheka. Miguu ikatoka malengelenge, yale uliyoyasikia kwenye simu.

Halafu ikaja siku ya ukungu. Nilikuwa nimetoka kwenda kuyaona maporomoko, na nilipofika juu ukungu ukashuka ghafla hata mkono wangu mwenyewe nikawa nauona kwa kuukisia. Njia ikapotea. Nikakaa juu ya jiwe, shanta mgongoni, nikaanza kulia. Nakwambia bila aibu kwa sababu wewe ndiye uliyenifuta kamasi za kwanza. Nililia kwa sauti, kama mtoto aliyenyang'anywa kitu, nikilia kwa ajili ya kadi, kwa ajili ya zile ndoo na yule fundi viatu, na kwa ajili ya jambo jingine ambalo ndilo nakuja kukuambia. Katikati ya kilio nikahisi kitu kinanivuta nyuma. Kugeuka, ni mbuzi, anatafuna mkanda wa shanta. Alitafuna kwa bidii, lakini uzi wako wa magodoro ulimshinda, akaniangalia kwa dharau akaondoka. Nikaanza kucheka peke yangu huko juu, machozi bado yanatiririka.

Ukungu ulipoinuka nikaona kwamba nilikuwa nimekaa katikati ya njia yenyewe, na kibao cha kuelekeza maporomoko kiko nyuma ya mgongo wangu. Rangi yake ilikuwa imefifia, maandishi yanasomeka kwa shida. Unajua mimi na herufi. Nilisahau kulia, nikaanza kufikiria ni brashi gani ingefaa.

Jioni hiyo nilimwambia Mama Funguo kwamba kama ana rangi ningependa kukiandika upya kile kibao, na hata ubao wa nyumba yake nao umechoka. Ubao wake, Bibi, umeandikwa NYUMBA YA WANGENI. Niliona siku ya kwanza na nikafurahi kugundua kwamba duniani siko peke yangu. Akaniletea rangi na brashi zilizokuwa stoo. Nikakwangua, nikapaka rangi ya chini, nikachora mistari kwa chaki, na nikamwambia kwamba ile n iliyozidi nitaitoa bila gharama.

Akaja mbio, funguo zikilia. Akasema niandike chochote, nipake rangi ninayotaka, lakini ile n nisiiguse. Akaketi kwenye ngazi akanieleza kwamba ubao ule aliuandika marehemu mume wake kwa mkono wake, mwaka walipoifungua nyumba, na alijivunia sana. Kila mgeni aliyesoma alicheka, na yeye mume akadhani wanafurahia mwandiko. Nikamuuliza kama yeye mwenyewe hakuliona kosa. Akanijibu, na nayaandika maneno yake kama alivyoyasema:

"Hiyo herufi niliiona siku ile ile, rangi haijakauka. Nikanyamaza kwa sababu nilikuwa nampenda, na yeye alikuwa na furaha."

Brashi ilinidondoka mkononi. Mama Funguo alidhani nimeguswa na habari za marehemu, na kweli niliguswa, lakini kilichonishtua ni lile neno niliiona. Nilikuwa nimelisikia kabla sijaja huku, Bibi. Hapa sasa ndipo penyewe, vaa miwani vizuri.

Asubuhi niliyoondoka, mke mwenzako alikuja stendi. Hakuna aliyejua. Nilikuwa nimekwisha kupanda, akagonga kioo, nikashuka. Alikuwa amevaa nguo za kazini na mkononi ana chaki, nadhani alisahau kuiacha darasani. Nikadhani amekuja kuniambia kwamba amemwombea radhi baba yake, au kwamba nimsubiri. Akasimama akiigeuza ile chaki, kisha akasema:

"Ile ndoo niliiona. Ulivyonipa tu nikaiona, nikakwambia iko sawa. Wewe ni mtu mwema, lakini sikutaka ndoa hii na sikujua jinsi ya kusema. Na wakija kuomba upya, baba akikubali, na mimi nitakubali. Mimi kwa baba sijui kukataa."

Hakulia. Aliniomba tu nisimwambie baba yake, kisha akarudi zake shuleni akitembea haraka. Mimi nikapanda gari nikakaa karibu na shanta.

Ndiyo hasira niliyokuja nayo huku. Sikuwa na hasira ya kuachwa, nilikuwa na hasira kwamba mtaa mzima ulinicheka mimi, mama alilia kwa ajili yangu, Baba Mkubwa aliinamisha kichwa kwa ajili yangu, na yeye alikaa kimya. Lakini kule stendi kulikuwa na kitu kingine pia, na hiki ndicho nilichokuwa nakikimbia mlima mzima. Aliposema hakutaka, mimi nilipumua. Mwili wangu ulipumua kabla sijauruhusu. Baba yake na Baba Mkubwa walikuwa marafiki, wakatuona tunafaana, na sisi wawili tukaitikia kwa adabu. Hatukuwahi kugombana hata mara moja, na nilidhani huo ndio upendo. Tulikuwa kama watu waliopangiwa kiti kimoja kwenye basi, kila mmoja anachunga asimguse mwenzake.

Mama Funguo aliona kosa akanyamaza ili mume wake aendelee kufurahi. Binti wa Mwalimu Mkuu aliona kosa akanyamaza ili apate mlango wa kutokea. Simchukii. Nikimfikiria na ile chaki namwonea huruma, maana ilibidi aende mbali kiasi hicho kutafuta mtu wa kumsemea hapana, na akalipata kosa langu. Lakini kosa hilo limemfaa mara moja tu. Baba Mkubwa akienda Jumapili na koti lake, akaomba vizuri, Mwalimu Mkuu atakubali, binti atakubali, na mimi nikisimama mbele ya wazee hao wote sijui kama nitaweza kukataa bila kumtaja. Tutaoana kwa sababu ya heshima. Bibi, nimewaza sana, sitaki. Nataka mtu ambaye akiona ndoo kwenye kadi yangu atanipigia simu saa hiyo hiyo akinicheka.

Kwa hiyo nakuomba mambo mawili. La kwanza, mzuie mwanao. La pili, usiseme sababu. Acha wote waendelee kuamini kwamba ni uzembe wangu, na kwa kweli si uongo, ndoo niliandika mimi, hakunishika mkono mtu. Yule binti akitajwa hatapata pa kuweka uso, kwa baba yake wala shuleni. Mimi nimekwisha kuchekwa, nimezoea, sasa hata fundi viatu nina jibu lake. Ukiulizwa, sema tu kwamba wewe ndiye mke mkubwa na hujatoa ruhusa ya mke wa pili. Umelisema kwa utani tangu nikiwa natambaa, sasa liseme bila kucheka. Baba Mkubwa atasimama na koti lake katikati ya sebule, kisha atalivua.

Mama Funguo nilimweleza yote siku ile ile pale kwenye ngazi, kwa kuwa hamjui yeyote kati yetu. Nilipofika kwenye habari ya Bibi mwenye magoti, na yeye akatambua kwamba huyo mke wa miaka themanini ni nyanya yangu, mzaa baba, alicheka hadi akalala chali verandani na funguo zikamwagika. Anakusalimu. Anasema alikuwa amekwisha kuwaambia wageni wengine kwamba wanihurumie.

Ubao wake nimeumaliza, mweupe juu ya kijani, na ile n imesimama mahali pake, nimeipendezesha kuliko zote. Kibao cha maporomoko pia nimekiandika. Sasa kinyozi wa hapa chini anataka wake, na mwenye duka la dawa ameniuliza nitaondoka lini. Nikishika brashi napata utulivu ambao sikuwahi kuupata kwenye mashine, kwa sababu kila herufi naitembelea moja moja. Likizo ikiisha nitarudi kazini kama kawaida, tajiri asiwe na wasiwasi, ila siku za mapumziko nitaweka meza yangu barazani, chini ya dirisha lako, niandike mabango. Na wewe utakuwa msomaji wangu. Tajiri wangu alinifundisha zamani, nami nikapuuza, kwamba anayesoma kazi kuanzia neno la mwisho kwenda la kwanza ndiye anayenasa makosa, kwa sababu haburutwi na maana. Kumbe nyumbani tulikuwa na mtaalamu.

Ile ndoo ya bluu yenye utepe usikubali mtu aigawe. Nitaihitaji ya kuchanganyia rangi.

Nisalimie mama, mwambie aendelee kuimba, mimi sijambo kabisa. Msalimie dada, na umshukuru kwa kuileta hii bila kuifungua, kama kweli hajaifungua. Baba Mkubwa naye msalimie, lakini baada ya Jumapili. Jichue magoti, vaa soksi, na usipande ngazi kwa ajili ya kuchungulia mabasi. Nitakuja kwa miguu kutoka stendi, shanta mgongoni, utanisikia nikibisha.

Ni mimi mumeo mdogo na mjukuu wako akupendaye,

Bwana Wino

Kama umeanzia hapa, Bibi, nimekukamata. Basi jua kwanza kwamba mjukuu wako ana furaha, halafu urudi juu usome kwa nini.